Magaga, fangasi, funza na mguu unaouma: mwongozo kamili wa dawa za kupaka na za asili kwa watu wa Kigoma

Kabla ya kupaka chochote mguuni, yawe mawese, asali, tyubu ya dukani au majani aliyokuelekeza bibi, angalia kwanza kama ngozi ni nzima au imefunguka. Hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu nitakachoeleza hapa. Ngozi nzima huvumilia mengi: mafuta, kusuguliwa, kuchuliwa, hata moto wa dawa ya misuli. Ngozi iliyochanika, iliyotoboka au yenye kidonda haitaki majaribio, kwa sababu unachokiweka pale kinaingia mwilini. Na mguu uliokufa ganzi, hata kama ngozi yake haina doa, uhesabu pamoja na ile iliyofunguka, maana mwenyewe hasikii anapoungua.

Ninauza dawa, na karibu kila anayekuja kuulizia mguu huanza na jina la dawa: "Nipe ile tyubu ya fangasi." Mguu wenyewe umefichwa ndani ya kiatu. Nikimwomba avue, mara nyingi tunakuta tatizo lingine kabisa. Kwa hiyo tuanze pale ambapo wengi huruka.

Kuukagua mguu

Fanya kazi hii mchana, mlangoni au uani penye mwanga wa kutosha. Osha miguu yote miwili kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, kisha kaa chini.

Tazama unyayo, kisigino, chini ya kucha, na utenganishe vidole kimoja kimoja. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni au amwite mtoto amsaidie. Unatafuta nyufa, weupe uliolainika, malengelenge, madoa meusi, usaha na kucha iliyonenepa.

Shika miguu yote kwa pamoja kwa viganja. Je, mmoja una joto kuliko mwingine? Mmoja ni mnene kuliko mwenzake? Bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, uhesabu polepole hadi kumi, uachie. Kukibaki shimo, kuna maji.

Mwisho, pima ganzi. Funga macho, mtu mwingine aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi na bila kubonyeza, kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, kwenye kila mguu. Ni sehemu sita. Usipohisi mbili au zaidi kati ya hizo, mguu wako una ganzi, na sehemu kubwa ya tiba za nyumbani zilizomo humu hazikufai mpaka umwone daktari na upimwe sukari.

Magaga

Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hivi, visigino vya Kigoma hufunguka. Wanaoteseka zaidi ni akina mama wanaoanika dagaa kule kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, samaki wanakoshushwa: kutwa nzima juu ya mchanga wa moto, miguuni kandambili, mikononi na miguuni maji ya ziwa yanayokauka na kulowa tena. Kandambili zinaacha kisigino wazi, uzito wa mwili unakitandaza pembeni, na ngozi iliyokauka na kunenepa haiwezi kunyumbuka. Inapasuka. Niliwahi kushika kisigino cha mama mmoja wa mwaloni, ufa wake ukiwa na mchanga na magamba ya dagaa ndani kabisa, ngozi ya pembeni imekuwa ngumu na ya njano. Alikuwa akipaka mawese kila asubuhi, miguu ikiwa mikavu, kisha anaingia mchangani. Mafuta yalikuwa yanakamata mchanga tu.

Mafuta, ya aina yoyote, hayaingizi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana mpangilio una maana kuliko aina ya mafuta:

1. Jioni, ukishamaliza kutembea, loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Maji matupu yanatosha. Chumvi ya Uvinza tunaijua na tunaiheshimu, chemchemi zile zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, lakini kwenye magaga chumvi huzidi kukausha. Nitairudia mbele, pale inapofaa.

2. Sugua kwa jiwe la kusugulia miguu, polepole, ukitoa tabaka jembamba tu kila siku. Usikate kwa wembe. Wembe haujui ngozi iliyokufa inaishia wapi, na kisigino kilichokatwa huota ngozi nene zaidi.

3. Futa kwa kitambaa ukiacha unyevu kidogo. Hapo hapo, kabla ngozi haijakauka, paka mafuta.

4. Vaa soksi safi za pamba, ulale nazo.

5. Asubuhi osha, paka kidogo tena, na uvae kiatu kinachofunika kisigino. Bila hili la mwisho, kazi ya usiku inapotea saa nne asubuhi.

Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili ndipo uhukumu.

Upake nini? Krimu yenye yurea ndiyo bora kama unaipata, kwa sababu yurea huvuta maji na kulainisha ngozi nene. Ya asilimia 10 kwa kisigino kikavu, hadi 25 kwa kilichokuwa kigumu sana. Isipopatikana, mafuta ya mgando ya kawaida, yale tunayowapaka watoto, yanafanya kazi nzuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Na sisi tuna michikichi. Mawese mekundu yanafaa, ila yanatia madoa shuka na soksi, na ukipaka mengi utateleza. Mimi napendelea mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa: hayana wekundu wa mawese, asubuhi ya baridi huganda na ukiyashika kiganjani yanayeyuka. Angalia tu yasiwe yameoza. Mafuta yenye harufu kali ya uchachu huwasha ngozi.

Ufa ukishafika kutoa damu, umehama kundi. Acha jiwe na usiloweke muda mrefu. Osha kwa sabuni na maji safi, kausha, paka mafuta ya mgando juu yake, kisha bandika plasta ikivuta kingo mbili za ufa zikaribiane. Ibadilishe kila siku mpaka uzibe, ndipo urudi kwenye hatua za juu.

Jambo moja linalopita machoni pa wengi: unyayo wote ukiwa mkavu na kutoa magamba membamba kama unga, hadi pembeni mwa mguu, na mafuta hayasaidii baada ya wiki tatu, huenda hayo ni fangasi.

Fangasi za vidoleni

Msimu wake ni wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ingawa mvuvi wa dagaa anayeshinda usiku kucha na maji mtumbwini anaweza kuzipata mwezi wowote. Vivyo hivyo mwanafunzi wa viatu vya kufunika na mkulima wa gambuti. Huanzia mara nyingi kati ya kidole cha mwisho na cha pili yake: ngozi inakuwa nyeupe, imelainika, inawasha, inanuka, kisha inachubuka.

Fangasi hula unyevu. Ukipaka dawa juu ya unyevu unaibembeleza tu, kwa hiyo kukausha ni nusu ya tiba. Osha miguu jioni, futa kila katikati ya kidole kwa kitambaa chako peke yako, kisha kaa miguu ikiwa wazi mpaka ngozi ionekane kavu. Ndipo upake.

Dukani kuna tatu ninazozipendekeza. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki nne hivi, na inaendelea kupakwa wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi huacha siku muwasho ulipokoma, na mwezi unaofuata wanarudi. Krimu ya terbinafini, nayo ya asilimia 1, ni ya haraka zaidi: mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Ya tatu ni marhamu ya zamani ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki. Bei yake ni rahisi na inafaa hasa kwenye unyayo mnene unaotoa magamba, lakini inachoma kama moto ngozi ikiwa imechubuka, kwa hiyo vidoleni palipofunguka usiiweke. Ukichagua yoyote, paka hadi kwenye ngozi nzima iliyozunguka, upana wa kidole kimoja.

Sasa tyubu za mchanganyiko. Ziko krimu zinazouzwa sana ambazo ndani yake kuna dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Watu wanazipenda kwa sababu muwasho unaisha usiku uleule. Steroidi ndiyo iliyozima muwasho, na papo hapo imeizima kinga ya ngozi, kwa hiyo fangasi zinaendelea kutambaa chinichini, zikibadilika sura hata daktari asizitambue. Ukiacha, zinalipuka. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka. Soma pakiti. Ukiona jina linaloishia na "-soni" au "-soli" ambalo hulijui, uliza ni nini, maana klotrimazoli na klobetasoli yanafanana mdomoni na ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuhusu dawa za asili: kitunguu saumu kina kemikali iliyojaribiwa na wanasayansi dhidi ya fangasi za miguu ikaonyesha matokeo mazuri, lakini kile kilikuwa kipakwa kilichotengenezwa maabara. Kitunguu kilichopondwa na kufungwa vidoleni usiku kucha huunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge. Usifanye. Mafuta ya mwarobaini unaweza kupaka kwenye ngozi nzima kama nyongeza. Usiyategemee peke yake. Shabu iliyoyeyushwa kwenye maji hukaza ngozi na kupunguza jasho, nzuri kwa mguu unaonuka, mradi haujachubuka. Chai kali ya rangi iliyopoa, miguu ikikaa humo nusu saa, inafanya kazi hiyohiyo kwa sababu ya ukakasi wake.

Soksi zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Viatu vipewe siku ya kupumzika, vitazame jua vikiwa vimefunguliwa kamba. Kucha iliyoshikwa na fangasi, ile nene, ya njano na inayomeguka, haiponi kwa krimu. Dawa zake ni za kumeza, zinahitaji vipimo na uangalizi wa ini, na kucha ya mguuni huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya. Anayekuuzia dawa ya kucha ya wiki moja anakudanganya.

Funza

Funza hakuzaliwa huku. Alitoka Amerika ya Kusini. Meli iliyotoka Brazili ilimfikisha Angola mwaka 1872, misafara ikambeba, na kabla ya karne ya 19 kuisha alikuwa ameshavuka bara zima. Nalisema hili kwa sababu bado kuna watu wanamwaibisha mtoto mwenye funza kana kwamba ni laana ya ukoo. Ni kiroboto. Jike hujichimbia kwenye ngozi, mara nyingi pembeni mwa kucha au kisiginoni, huvimba ndani ya wiki mbili hadi ukubwa wa punje ya njegere, hutaga mayai yanayodondoka sakafuni, kisha hufia humohumo.

Kile kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe ni sehemu yake ya nyuma aliyoiacha nje ili apumue na kutaga. Tiba nzuri kuliko zote kwa sasa inalenga hapohapo: mafuta mepesi ya silikoni yaitwayo dimetikoni, tone kwenye kila kidoa, yanaziba pumzi yake, anakufa bila sindano. Kwetu hayapatikani kila duka, lakini ulizia kituo cha afya. Mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini na ya nazi nao umejaribiwa Kenya kwa watoto wenye funza, nao ni wa kufikiriwa pale dimetikoni inapokosekana.

Kama ni lazima kutoa kwa pini, na wengi wetu ndivyo tulivyolelewa, fanya hivi. Osha mikono na mguu kwa sabuni. Loweka mguu dakika 10 ngozi ilainike. Tumia sindano mpya, au pini iliyochemshwa dakika 20, na kila mtu na yake. Pini moja ikizunguka familia nzima inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Panua tundu kwa kuzunguka kidoa, mtoe mzima bila kumpasua, kisha osha, paka dawa ya kuua vijidudu na ufunike. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda, kwani tundu la funza ni mlango wake. Wakiwa wengi, usiwachokoe nyumbani mtoto akilia, mpeleke kituoni.

Mafuta ya taa, petroli na dawa ya kunyunyizia mimea visiguse mguu wa mtoto. Vinaunguza na kuingia mwilini.

Ukishawatoa, geukia sakafu, la sivyo wiki ijayo mko palepale. Sakafu ya udongo ikandikwe upya na kulowanishwa kila siku wakati wa kufagia, mbwa na nguruwe walale mbali na wanapolala watoto, na kila mtu avae kiatu, hata yeboyebo. Huko Brazili na Madagaska kipakwa chenye mafuta ya nazi, kikipakwa miguuni kila siku, kilipunguza sana funza wapya. Kwa hiyo kumpaka mtoto mafuta ya nazi miguuni asubuhi kabla hajatoka ni jambo la maana.

Muwasho baada ya ziwa

Hili ni fupi lakini ni letu. Ukitoka kuoga au kufua ziwani, miguu ikatoa vipele vinavyowasha siku hiyo au inayofuata, huenda ni vijidudu vya kichocho vilivyopenya ngozi. Losheni ya kalamini itatuliza muwasho. Haitakitoa kichocho. Kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na ni afya kupima, hasa ukipata homa wiki chache baadaye au ukiona damu kwenye mkojo au choo.

Malengelenge na sugu

Lengelenge dogo usilipasue. Funika kwa plasta, badili kiatu. Kubwa linalouma, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, kamua maji, acha ngozi ya juu mahali pake kama kifuniko. Sugu hutokana na kiatu kinachobana. Loweka, sugua, paka mafuta, badili kiatu. Plasta za asidi ya salisiliki zinasaidia, lakini kamwe si kwa mwenye kisukari au ganzi. Kucha zikatwe kwa kunyooka, bila kuchimba pembe.

Kuteguka, kisigino cha asubuhi na misuli inayokaza

Mguu ukiteguka, tabia yetu ni kuuchua papo hapo kwa maji ya moto na mafuta yenye pilipili. Kwa siku mbili za mwanzo hilo linaongeza damu inayovuja ndani, na uvimbe. Fanya kinyume: pumzika, weka barafu, funga bandeji ya kuvuta isiyobana mpaka vidole vikabadilika rangi, na inua mguu juu ya mto. Barafu ya kuhifadhia samaki ipo mwaloni. Ifunge kwenye kipande cha khanga, weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu tupu isiguse ngozi.

Jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, au ukibonyeza mfupa wa kifundo na ukauma sana, nenda ukapigwe picha. Usimruhusu mtu auvute mguu "kuurudisha" kabla ya picha.

Kuanzia siku ya tatu, dawa ya kuchua ina nafasi yake. Jeli ya diklofenaki hupunguza maumivu ya kifundo na ya goti la uzee, ikipakwa mara tatu hadi nne kwa siku. Dawa za kuchua zenye mentholi na ile harufu kali ya methili salisileti huleta ubaridi au joto linaloufanya ubongo usahau maumivu kwa muda. Zisipakwe kwenye ngozi iliyofunguka, zisifungwe kwa nailoni wala kuwekewa maji ya moto juu yake, na watoto wadogo na wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, waziache kabisa. Tangawizi iliyopondwa ndani ya mafuta ya mise ya uvuguvugu ni ya kuchulia nzuri, ingawa naamini mkono unaochua ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi. Pilipili ina kapsaisini, ambayo kwenye krimu za hospitali huwa kwa kipimo maalumu, kwa kawaida asilimia chini ya moja. Ya kupondwa jikoni haina kipimo, nimeona ngozi ikibabuka.

Maumivu ya kisigino yanayochoma hatua ya kwanza ukishuka kitandani, kisha yanapungua ukitembea, ni ya mshipi wa unyayo, ule utepe mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Kabla hujasimama, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi 30, mara tatu. Jioni zungusha chini ya unyayo chupa ya maji iliyogandishwa. Achana na kandambili zilizolika. Huchukua miezi, na huisha.

Shavu la mguu likikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea juu. Kunyoosha misuli ya shavu dakika chache kabla ya kulala kunasaidia wengi. Wazee wengine walizoea kumeza kwinini kwa ajili hii; isitumike hivyo, ina madhara kwa moyo na damu.

Miguu inayovimba

Miguu yote miwili ikivimba jioni kwa mtu aliyesimama kutwa, na asubuhi imerudi, hakuna dawa ya kupaka itakayoshinda kuinua miguu juu ya usawa wa moyo kwa nusu saa, kutembea, na kupunguza chumvi kwenye chakula. Uvimbe usiopungua hutoka kwenye moyo, figo, ini au mishipa, na kuupaka ni kupoteza muda.

Mguu mmoja pekee, uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu, unaweza kuwa na damu iliyoganda. Usiuchue hata kidogo. Kipande kikikatika kinaenda kwenye mapafu. Mjamzito anayevimba huku kichwa kikimuuma au macho yakiona ukungu aende hospitali saa hiyohiyo.

Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji ya kawaida, hadi kwenye mikunjo, akaushe kwa kugusagusa, apake dawa ya fangasi vidoleni, auinue, auchezeshe kifundo. Ni kazi ya maisha, lakini inapunguza sana yale mashambulizi ya homa na maumivu.

Kidonda, na asali ya Tabora

Hapa ndipo chumvi inarudi. Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, acha ipoe, mwagia kidonda kukisafisha. Usiloweke.

Asali ina sababu ya kweli ya kusifiwa: sukari yake nyingi hunyonya maji ya vijidudu, ina uasidi, na hutoa polepole kemikali inayoua bakteria. Hospitali za nchi kadhaa hutumia asali iliyosafishwa kwa mionzi. Asali ya miombo ya Sikonge na Urambo inayotufikia kwa treni ni nzuri sana, lakini haijasafishwa hivyo, na nyingine imechanganywa na sukari njiani. Kwa mchubuko mdogo na safi, pakaza asali uliyoiamini kwenye shashi, funika, badili kila siku. Kwa kidonda kirefu, chenye usaha, au kilichopita wiki mbili bila kupungua, nenda kituoni. Kijana mwenye kidonda sugu juu ya kifundo apimwe selimundu.

Visiwekwe kwenye kidonda: kinyesi cha ng'ombe, majivu, dawa ya meno, maji ya betri, ugoro na majani ya tumbaku (nikotini hupita kwenye ngozi, wachumaji wanaujua ule ugonjwa wa kutapika), na utomvu wa mnyaa, ambao huunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kuharibu uoni. Naongeza kimoja kinachofanyika kila mtaa: kufungua kapsuli za tetrasaikilini au ampisilini na kumwagia unga wake. Unatengeneza gamba juu, usaha unabaki chini, na bakteria wanazoea dawa.

Mwenye kisukari

Asiloweke miguu, asitumie jiwe gumu, dawa za kuchua zenye moto wala plasta za asidi. Maji ya kuoshea ayapime kwa kiwiko. Akague miguu kila jioni, apake mafuta unyayoni lakini si kati ya vidole, akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Lengelenge lolote, hata lisilouma, ni la kwenda nalo kliniki kesho yake.

Siku ya kwenda hospitali

Nenda siku hiyohiyo ukiona wekundu au weusi unaopanda mguu, homa pamoja na kidonda, harufu ya kuoza, kidole kilichobadilika kuwa cheusi au baridi, au mguu uliokufa ganzi ghafla. Anza na kituo kilicho karibu. Wao ndio watakaokuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni, au ya Kitete ukiwa upande wa Tabora.

Osha mguu kabla ya kwenda na usipake kitu kipya siku hiyo, ili mganga aone ngozi yenyewe. Beba tyubu na chupa zote ulizotumia, hata zilizoisha. Kama ulitumia majani, beba na jani moja, useme ulilipaka lini na mara ngapi. Vaa kiatu kinachovulika kirahisi, na uvue vyote viwili ukiwa mbele yake.